Mfano wa Tangi, Toleo la Pili

Hitma ya Salimu ilisomwa baada ya swala ya alasiri. Nilifika mapema nikajitia jikoni kuosha vikombe, maana mtu anayeosha vikombe haulizwi maswali. Nyumba ni ileile ya Chumbageni, yenye baraza mbele na ua nyuma, na mama yake Salimu, Bi Zuwena, ni yuleyule, ila sasa anatembea akishika ukuta. Mimi nami si yule wa zamani. Nina miaka arobaini na mitatu na magoti yanalia nikichutama. Watu walipomaliza kula nilikwenda kukaa na Bi Zuwena chumbani, karibu na dirisha la barazani, na hapo ndipo nikamsikia Yohana. Yohana ndiye aliyekuwa mkuu wetu wakati tulipofanya kazi watu watatu, yeye, Salimu na mimi, katika chumba cha uani cha nyumba hiyohiyo. Sasa anakaa Dar es Salaam, mvi kichwa kizima, na alikuwa amepanda basi la alfajiri, yeye Mshambaa na Mlutheri wa watu, aje kumwombea rafiki yake. Alikuwa anawasimulia vijana. "Salimu alikuwa fundi, nyie, msione hivi. Lakini siku moja, Mungu amrehemu, alibandika namba mahali pasipostahili namba, akaunguza pampu ya kijiji kizima!" Wakacheka, kile kicheko cha msibani ambacho mtu hukitoa huku anaangalia kama kimeruhusiwa. Bi Zuwena alikuwa na tasbihi mkononi. Vidole vikasimama. Akasema, hakuniambia mimi hasa, alisema tu, "Kila wakija hulisema hilo. Mwanangu kafanya kazi miaka yote hiyo, lililobaki ni hilo." Nami nilikuwa nimekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwake, na aliyebandika ile namba ni mimi.

Nimeshika daftari langu la mwaka ule ninapoandika haya. Nimekuwa mwandishi wa madaftari tangu nilipoacha shule kidato cha pili, na sijui kama yamenisaidia au yamenifundisha tu kujitetea vizuri. Kwa hiyo nitasema daftari linasema nini, na pale ninapolitilia shaka nitasema pia.

Mwaka ule nilikuwa napiga chapa kwenye duka la fotokopi. Salimu alikuja kutoa nakala, akaniona nachapa bila kutazama vidole, akasema, "Dada, sisi tuna kazi ya hivyo, ila haina kiyoyozi." Chumba chao kilikuwa zamani stoo ya mkaa. Meza ilikuwa mlango wa zamani wa nakshi uliolazwa juu ya makreti ya soda, na kwa kuwa ule mlango ulikuwa na vichuma vyake bado, ukiweka kikombe vibaya kinapinduka. Kompyuta zilikuwa mbili: ya Yohana ya kubeba, ambayo haikuguswa na mtu, na ile kubwa ya Salimu, ambayo tulitumia sote wawili, yeye asubuhi, mimi mchana. Asubuhi Bi Zuwena alituletea mbaazi na mahamri kwenye sinia, na moshi wa udi ulipita chini ya mlango ukakaa kwenye nguo zetu hadi Yohana akawa anaulizwa kanisani kwao ameoa wapi.

Kazi yetu ilikuwa programu huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila kuomba ruhusa. Yetu ilikuwa ya kuongozea pampu za maji zinazotumia nguvu za jua. Kiini chake tulikiita maktaba. Kando ya maktaba kulikuwa na miradi ya mfano saba, kila mmoja umejitegemea ndani ya folda yake: huu wa kuwasha pampu jua likitosha, huu wa kupima kina cha kisima, huu wa kuzima pampu tangi likijaa. Fundi aliye kijijini huchukua mfano anaoutaka, akaunakili, akatia vipimo vya kwake, akaanza kazi. Maktaba ilikuwa mikononi mwa Salimu na Yohana. Mifano nilipewa mimi. Niliona ni kazi ndogo ya mtu mdogo, na sikuwaonea kinyongo kwa hilo, ingawa kuna ukurasa mmoja wa daftari unaosema nilikuwa na kinyongo.

Na mzozo wa mwaka ule ulikuwa juu ya namba. Kila toleo la maktaba lina namba yake, ili mtu ajue amechukua lipi na nini kimebadilika. Hilo halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa mfano nao upewe namba gani, kwa sababu mtambo wenyewe wa kusambazia programu unadai namba, ukiacha pengo unakataa. Yohana alitaka mifano yote ifuate namba ya maktaba: maktaba ikiwa moja, mifano moja, ikipanda, yote ipande. Salimu alitaka mfano ubaki sifuri siku zote, na chini yake yaandikwe maneno tu: umejaribiwa na maktaba toleo fulani. Walibishana kwa miezi. Nakumbuka siku moja ya mihogo ya nazi, Salimu kashika kipande hewani, hakili.

"Mfano ni kama kile kitambaa cha fundi cherehani cha kukuonyeshea mshono," alisema. "Huvai kile. Unatazama, unakwenda kushona chako. Sasa utakipaje saizi?"

"Na mteja akikuta nguo zote dukani zina saizi, moja tu haina," Yohana akajibu, "atajua hiyo imeanuliwa kwenye kamba ya mtu."

"Ukiipa namba, unamwambia mtu imepimwa."

"Si itapimwa? Si tuna Mishi?" akaninyooshea kidole.

"Mishi ana mikono miwili."

Bi Zuwena alipita na ndoo akasema, "Mie nadhani mwacheza bahati nasibu humo. Kutwa namba, kutwa namba." Tulicheka. Daftari langu la siku ile linasema: Salimu ana haki. Ukurasa wa pili unasema: Yohana naye ana haki, watu hupotea wasipoona namba zinazolingana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mwisho ilishinda rai ya Yohana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijibu barua za watu wa nje na ndiye aliyeulizwa mbona mifano haina mpangilio. Salimu alinyanyua mabega, akala mhogo wake.

Kupima mfano maana yake nini, nieleze, kwa sababu hapo ndipo penyewe. Nilitoka uani na ndoo. Kijicho, yaani kile kifaa kidogo kinachopima umbali kutoka kilipo hadi kwenye maji, nilikifunga kwenye fito juu ya ndoo, nikaunganisha na kisanduku chake, nikamwaga maji kidogo kidogo kwa kata huku natazama kama taa ya pampu inawaka na kuzima inapotakiwa. Mfano mmoja ulichukua nusu siku. Maji yaliruka, nguo zililowa, na watoto wa jirani waliniita "Shangazi Kata". Mfano wa tangi ulikuwa msumbufu zaidi kuliko yote, maana ndoo ilikuwa fupi kwake, ulitaka pipa. Pipa lilikuwepo moja, la bluu, la Bi Zuwena, pembeni ya mlango wa jikoni, na humo ndimo alimoweka maji ya nyumba siku ambazo bomba halitoi.

Toleo la pili la maktaba lilikuwa tayari mwishoni mwa Ramadhani. Katika toleo hilo Salimu alikuwa amebadilisha jambo moja kubwa: kijicho, ambacho zamani kilitoa umbali kwa sentimita, sasa kilitoa kwa milimita. Alifanya vizuri, na aliliandika wazi kwenye maelezo, mstari wa tatu, nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyosoma barua. Maana yake ni kwamba mfano wa tangi, uliokuwa ukisema "maji yakifika chini ya ishirini kutoka kwenye kijicho, zima pampu," sasa ulipaswa kusema mia mbili. Ukibaki na ishirini, pampu ingesubiri maji yafike pua kwa pua na kijicho, na kabla ya kufika huko tangi limeshamwagika.

Siku mbili kabla ya Idi, nilikuwa nimepima mifano mitano. Wa sita nikaumaliza kabla ya adhuhuri. Ulibaki wa tangi. Yohana alikuwa ndiye pekee asiyefunga, na kwa adabu alikuwa akila ndizi zake nyuma ya mlango wa stoo akidhani hatumwoni. Akatoka anafuta mdomo, akasema, "Da Mishi, vipi, tunatoa leo? Watu wanakwenda sikukuu." Daftari linasema: pipa limejaa maji ya Idi ya Bi Zuwena, haliwezekani. Nikafungua mfano wa tangi, nikausoma toka juu hadi chini, nikaona unasomeka sawa, nikaweka mbili mahali pa moja. Kazi ya kufuta herufi moja na kuandika nyingine. Nikautuma. Na kwa kuwa nilikuwa kwenye kompyuta ya Salimu, badiliko likaandikwa kwa jina lake, kama yalivyoandikwa yote niliyowahi kuyafanya mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kuona ajabu. Siku moja niliuliza, Yohana akasema, "Si sote ni nyumba moja?" na Salimu akasema, "Acha, nitaonekana hodari."

Kulikuwa na fundi mmoja anaitwa Hatibu, katika kijiji kimoja upande wa Mkwaja, sitakitaja. Alikuwa mtu wa hadhari. Aliona maktaba mpya, akasubiri. Aliona mfano wake wa tangi nao umeandikwa mbili, ndipo akabadilisha. Akapima kwa kuangalia taa imewaka, akafunga kisanduku, akaenda Pangani kwa wakwe zake kula Idi. Siku ya pili ya Idi tangi lilifurika tangu saa nne. Watoto walicheza kwenye matope kwa nguo mpya. Mzee mmoja aliuliza mbona maji yanamwagika, akajibiwa kuwa hivyo ndivyo toleo jipya lilivyo. Pampu iliendelea kunyonya hadi kisima kikaisha, kisha ikasaga hewa, kisha ikaungua.

Hatibu alipiga simu tukiwa tumekaa kunywa chai, siku ya kwanza kurudi kazini. Yohana aliiweka kwenye spika juu ya ule mlango wetu.

"Bwana Yohana, mie sikulaumuni. Naona mbili na mbili, nikasema hawa wamekaa pamoja. Kumbe hawajakaa?"

"Ngoja, fundi. Ngoja tuangalie."

"Angalieni. Kina mama wamerudi kisima cha zamani. Maji ya chumvi. Mke wangu hanisemeshi tangu juzi."

Yohana akafungua kumbukumbu ya mabadiliko, akashuka nayo kwa kidole, akasimama. "Salimu," alisema. "Hii ni wewe. Umebadilisha namba, hukubadilisha kipimo. Wewe mwenyewe, uliyekuwa hutaki namba!"

Alikuwa amesahau kwamba kompyuta ile huandika na kazi yangu kwa jina hilo. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilijua, na Salimu alijua. Hakunitazama. Aliitazama skrini, akasema, "Jina ni langu." Hilo ndilo neno alilolisema, na halikuwa uongo. Nami nikamimina chai. Nimejaribu kuandika kwa haki kwa nini sikusema, na sababu ninayoipata kila mara ni moja: niliogopa kurudi kwenye duka la fotokopi. Nilikuwa kidato cha pili kati ya watu wa chuo. Niliona wakijua ni mimi watasema, si tulijua, na mifano watapewa mtu mwingine. Yohana hakuwa mtu wa kunifukuza. Hilo nalijua sasa, na nadhani nililijua hata siku ile.

Salimu alikwenda mwenyewe kule kijijini. Alikaa siku tisa. Walivuta pampu kwa kamba, watu ishirini wakipokezana, wakafunga nyingine, akasahihisha ishirini iwe mia mbili, na akakaa akihakikisha inazima inavyotakiwa. Aliporudi mikono ilikuwa imechubuka na alikuwa amepungua. Nilimfuata uani akiwa ananawa. Nilisema, "Salimu, nataka kumwambia Yohana." Alisugua sabuni, akasema, "Mwambie ukitaka. Lakini kwanza nenda kaandike chini ya kila mfano umejaribiwa na toleo lipi. Wale watu hawana shida na jina langu wala lako." Nilikwenda nikaandika, yote saba. Nikajiambia kwamba hilo ndilo alilolitaka, na kwamba lile jingine litakuja siku yake. Haukupita mwaka, Salimu akaacha kazi ya kompyuta. Sidai kwamba ni kwa ajili ya jambo hilo. Alikuwa amechoka na mabishano, na alipenda kazi ya mikono. Alifungua karakana ya kutengeneza majokofu kule Mabawa, na kila tulipokutana njiani aliniuliza, "Vipi mifano?" Nilisema, "Iko sifuri yote sasa, ulishinda." Alicheka. Ilikuwa uongo kidogo: wa tangi ulikuwa bado una namba, kwa sababu kila nilipoufungua niliona ule mstari wa namba na jina lake, nikaufunga.

Miaka kumi na mitano nimeitunza mifano ile. Watu wa nchi nisizozijua huniandikia kunishukuru. Huwajibu kwa adabu. Nimechoka kushukuriwa, kama mtu anavyochoka kuvaa kiatu cha kuazima.

Basi pale kwenye mkeka, Yohana akiwa bado barazani, nilimwambia Bi Zuwena. Sikupanga. Nilisema, "Bi Zuwena, ile namba si Salimu. Niliiweka mimi, kwenye kompyuta yake, ikaandikwa jina lake. Na yeye alijua, akanyamaza." Kisha, kwa kuwa nimezoea kugawa haki sawa kwa kila mtu, nikaanza kumpangia: Yohana alikuwa na haraka, Salimu ndiye aliyebadilisha kipimo, Hatibu hakusoma mstari wa tatu. "Na pipa," nilisema, "pipa lako lilikuwa limejaa maji ya Idi, ndiyo maana sikuweza kupima."

Hapo ndipo aliponigeukia.

"Ulikuja kuniomba pipa?"

Nilitafuta kichwani, kisha nikatafuta daftarini, maana kurasa zile nazijua kwa moyo. Haliwezekani, linasema. Halisemi niliomba.

"Sikuja," nilisema.

"Ungekuja ningekupa. Maji ni kitu gani? Ningeyamwaga kwenye mabeseni." Alivuta tasbihi punje mbili, tatu. "Mwanangu alikuwa akinisikia nikimwambia, we Salimu, uzembe wako umewakausha watu, na anacheka tu. Miaka yote hiyo namwambia." Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. "Niitie yule Mshambaa."

Yohana aliingia akiinama, akasema, "Shikamoo mama," akaambiwa akae. Bi Zuwena akanielekezea kidevu, na mimi nikarudia, safari hii bila kumpangia mtu mwingine yeyote. Yohana alisikiliza amevua miwani. Alipoirudisha alisema, "Na mimi nimelisimulia kila mahali, Da Mishi. Arusha. Dar. Hata kwenye harusi yake nililisimulia." Baadaye kidogo alirudi barazani, nami nikamsikia kupitia dirishani anawaambia vijana kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Sikilizeni, ile hadithi niliyowapa si ya kweli."

Siku ya tatu nilirudi Chumbageni na kompyuta yangu, kisanduku na kijicho. Nilibisha hodi, nikasema, "Bi Zuwena, naomba pipa." Lilikuwepo palepale, bluu limekuwa jeupe, mfuniko umepasuka. Alisimama mlangoni ameshika mwimo, akawa anatazama mjukuu wake na mimi tunayahamishia maji kwenye mabeseni. Nilifunga kijicho kwenye fito. Nikarudisha maji kwa kata, mdogo mdogo, mchana kutwa, na kila yalipofika mia mbili taa ilizima. Nikayapunguza, nikayarudisha, ikazima tena. Bi Zuwena aliuliza, "Ndiyo hivyo tu?" Nikasema ndiyo hivyo tu.

Kisha nilikaa kwenye kizingiti cha stoo ya mkaa, nguo zimelowa, nikaufungua mfano wa tangi. Mahali pa namba niliweka sifuri. Chini yake niliandika: Umejaribiwa na maktaba toleo la tisa, kwa pipa la Bi Zuwena. Na chini ya hapo: Badiliko la zamani lililoweka namba mbili juu ya mfano huu bila kupimwa lina jina la Salimu, lakini lilifanywa na Mishi, Salimu alikuwa amesema tusiweke namba. Lile la zamani halifutiki, ndivyo kazi hii ilivyo, mtu huongeza tu chini. Nilisoma mara mbili. Kabla ya kutuma niliangalia ni jina la nani litakaloandikwa. Lilikuwa langu.